Lango Likifungwa, Nani Anasubiri?

Kitabu kilifika maktabani kwetu bila jalada: Waterland, riwaya ya Graham Swift ya mwaka 1983. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili na kamusi pembeni. Sasa nina la kusema.

Mambo yanatokea Fens, mashariki mwa Uingereza, nchi tambarare iliyokuwa kinamasi. Katika miaka ya 1630 matajiri walimtumia Mholanzi, Cornelius Vermuyden, kuchimba mifereji ya kukausha maji. Kumbe udongo ule ukikauka unanywea! Mashamba yakashuka, mito ikabaki juu, imeshikwa na matuta.

Anayesimulia ni Tom Crick, mwalimu wa historia. Baba yake alikuwa mlinzi wa lango la maji, na Julai 1943 maiti ya kijana Freddie Parr inaletwa na mto mpaka pale langoni. Nguvu ya Swift ni hii: anajua kwamba ardhi uliyoyapokonya maji hupati mara moja, unaipokonya kila siku. Sisi tunaokandika nyumba zetu upya kila baada ya masika tunamwelewa bila kamusi.

Ila Crick anayatazama maji kutoka ukingoni, kama mtoto wa mwenye lango. Kwake, ubapa wa nchi ndio uliowafanya watu wazito, wapenda hadithi. Mimi nilivuka Tanganyika usiku, nimekaa juu ya magunia. Aliye ndani ya chombo hafikirii ubapa wa nchi. Anafikiria nani ameshika ufunguo.

Siku hizi watu wanapita Fens kwa matembezi, kwa boti ndefu za chuma zenye upana wa mita mbili hivi. Dada mmoja wa shirika aliyewahi kusafiri nayo alinichorea njia. Kutoka Peterborough mifereji imetulia, unaona kingo na mbingu basi. Ukifika Salters Lode unafunga kamba. Mbele ni mto Great Ouse, ambao pale maji yanajaa na kupwa kama ya bahari. Kipande chenyewe hakifiki hata kilomita moja, kisha unaingia lango la Denver. Lakini hutoki mpaka maji yafike kimo chake na mlinzi akuruhusu, maana mkondo unaweza kukupiga ubavuni.

Nikamuuliza, "Na asipokuruhusu?"

"Unachemsha chai, unasubiri."

Yeye alicheka. Mimi nilikumbuka foleni zetu.

Riwaya ninayoitamani ingesimuliwa na huyo wa chai. Hata hivyo someni hii, hasa nyinyi walimu. Mwanafunzi wa Crick, Price, anamhoji historia ina faida gani, na mwalimu anajibu kwa kusimulia mto wa kwao. Watoto wetu waliozaliwa hapa kambini wanauliza hivyohivyo, na mito yetu hawajaiona. Tuwasimulie. Lakini tusisahau kuwaambia na habari za usiku ule ndani ya mtumbwi, tukisubiri kuambiwa tupite.