Majina na Sura: Uhakiki wa Senema ya "American Utopia"

Wako wanaodhani kuwa senema ya tamasha ni kioo tu cha yale yaliyotendwa jukwaani. "American Utopia", iliyotengenezwa na Spike Lee mwaka 2020 kutokana na onyesho la David Byrne katika Hudson Theatre, New York, yatosha kuwarudi wenye dhana hiyo.

Onyesho lenyewe lilifunguliwa Oktoba 2019. Jukwaa lilikuwa tupu, limezungukwa na mapazia ya minyororo. Wasanii 12 walivaa suti za kijivu, miguu mitupu, na kila mpiga ala akaichukua yake mwilini, pasiwe na waya wa kumfunga mahali. Hivyo, kabla ya neno lolote la siasa kusemwa, mtazamaji alikwisha kuona watu wa asili mbalimbali wakienda pamoja kwa hiari. Byrne, mzaliwa wa Uskoti, aliwakumbusha wasikilizaji kuwa naye ni mhamiaji, akawahimiza wapige kura.

Kilele ni wimbo wa Janelle Monáe wa mwaka 2015, unaotaja majina ya Wamarekani weusi waliouawa na kuwataka wasikiao wayatamke. Je, ni haki mwimbaji mweupe kuongoza maombolezo hayo? Byrne alimwomba Monáe ruhusa, naye akaridhia. Lakini idhini ya mtungaji haimalizi swali, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Jibu lilitoka kwa Lee. Aliiondoa kamera jukwaani, akaonyesha jamaa za marehemu wakishika picha za wapendwa wao. Sauti ikabaki kwa waimbaji, na msiba ukarudishwa kwa wenyewe. Tena akawaongeza Ahmaud Arbery, Breonna Taylor na George Floyd, ambao onyesho lilipokoma, Februari 16, 2020, walikuwa bado hai. Hilo jukwaa lisingeliweza kulitenda.

Hata hivyo, senema imepungukiwa na jambo moja. Ukumbini mtu aliitwa kuitikia jina mbele ya jirani yake, na ukimya wake ulijulikana. Atazamaye nyumbani aweza kunyamaza bila shahidi. Kwa hiyo kazi hizi mbili zapasa kupimwa kila moja kwa mizani yake: onyesho kwa sauti lililoidai kwa watu, na senema kwa sura ilizowalazimisha kuzitazama.