Gia gani hiyo "iliyokataa"?

Juzi nilikuwa stendi ya Babati nasubiri Noah ya Magugu, kijana mmoja akanionyesha video kwenye simu. Ndege imebamiza jengo, na msimulizi anapaza sauti kama anatangaza mpira: "Gia ya kutua ilikataa!" Mama aliyekaa pembeni yetu akasema yeye ndege hapandi, hata akiugua vipi.

Ile video, msomaji wangu, imetengenezwa hovyo. Kwanza imechanganya ajali mbili. Tarehe 28 Novemba 2023, kwenye kiwanja cha Kikoboga, Hifadhi ya Mikumi, Embraer 120 iliyotoka Zanzibar ilipata hitilafu ya magurudumu wakati wa kutua. Siku hiyohiyo ndege nyingine ya aina ileile, ikiwa inaondoka, ndiyo iliyogonga jengo. Hakuna aliyekufa. Picha ni ya ndege ya pili, maneno ni ya ile ya kwanza.

Halafu hilo neno "gia". Ukilisikia unafikiria gia ya Fuso, si ndiyo? Kumbe inazungumziwa miguu ya ndege: magurudumu, breki, shokapu zenye mafuta na gesi, na komeo za kuzuia mguu usijikunje ukiguswa na ardhi. Embraer 120 hukunja miguu yake angani ili isizuiwe na upepo. Sasa "ilikataa" maana yake nini? Haikushuka? Ilishuka ila haikujifunga? Au ilijifunga vizuri, ikavunjwa na kishindo au ardhi mbaya? Kila jibu lina mtu wake wa kuulizwa: fundi, rubani, mwenye kiwanja. Msimulizi haulizi. Na si yeye tu, hata habari zetu rasmi zikishasema "hitilafu ya kiufundi" zinaweka nukta.

Tena wakati mwingine mguu ni mzima kabisa. Mwaka 1972 ndege kubwa ya Eastern ilikuwa inakaribia Miami, taa ya kijani ya gurudumu la mbele haikuwaka. Marubani wakaingia kushughulika na taa. Ndege ikashuka taratibu usiku ule bila wao kujua, ikaanguka kwenye kinamasi, watu 101 wakafa. Gurudumu lilikuwa limeshuka na kujifunga. Balbu ndizo zilizoungua.

Yule mama nilitamani kumweleza kuhusu ndege za Cessna Caravan, hizi zinazotua Kuro, hapo Tarangire. Miguu yake haikunjwi, imesimama muda wote kama ya stuli, kwa hiyo hakuna rubani wa kusahau kuishusha. Inachoogopa ni mashimo, tope, na ngiri anayekatiza kiwanjani.

Sikuwahi. Noah ilifika, akawahi siti ya mbele. Tairi la nyuma lilikuwa kipara.