Lango la Bury St Edmunds

Upande wa mashariki wa Uingereza, katika Suffolk, uko mji wa soko uitwao Bury St Edmunds. Jina lake latokana na Mtakatifu Edmund, mfalme aliyeuawa na Wavikingi mwaka 869. Soko lingali likifanyika huko, Jumatano na Jumamosi.

Wageni husifu kwanza lango kuu la monasteri ya Wabenediktini. Husema ni zuri. Kweli ni zuri, lakini neno hilo halitoshi. Tazameni vema: kuta zake ni nene, na njia ya kupita ilifungwa kwa kizuizi kizito cha kushushwa toka juu. Nyuma ya vishubaka vya masanamu mmefichwa matundu membamba ya kupigia mishale. Watawa walimwogopa nani? Waliwaogopa majirani zao.

Maana monasteri ilikuwa bwana wa mji. Soko lilikuwa lake, na ushuru, na hukumu. Wafanya biashara walitaka kujitawala, wakakataliwa. Mwaka 1327 waliivamia monasteri, wakapora na kuchoma. Lango tunalolisifu lilijengwa baada ya fujo hizo. Mwaka 1381 ikawa vibaya zaidi: priori John wa Cambridge alikatwa kichwa. Siwatetei wauaji. Lakini sisi Wakatoliki hatupati faida yo yote kwa kuficha kwamba watu wa sala walikuwa pia watoza ushuru wakali.

Mwaka 1539 mfalme Henry VIII aliifunga monasteri. Je, wenyeji walipata uhuru wao papo hapo? Hata! Hati ya kujitawala waliipata mwaka 1606 tu.

Kanisa la monasteri, lenye urefu wa karibu mita 150, lilibomolewa, na mawe yake yaliyochongwa yakachukuliwa kwa ujenzi mwingine. Katika magofu ya ukuta wa mbele watu walijenga nyumba zao: milango ya mbao, madirisha na mabomba ya moshi katikati ya matao ya kale. Fundi apendaye usafi angetaka kuziondoa. Mimi nasema ziachwe, maana kwangu hazina kifani katika mji mzima. Hapo mtu aona kwa macho yake nani alimrithi nani.

Jirani yake ni katedrali ya Waanglikana. Mnara wake ulimalizika mwaka 2005, kwa mtindo wa karne za kale, kwa mawe, matofali na chokaa. Kazi safi sana ya mikono. Hata hivyo ni mnara usio na ugomvi wala hofu ndani yake, na jicho huchoka nao upesi.

Siku hizi lango kuu ni mlango wa bustani ya watu wote, na hakuna atozwaye ushuru. Ningependa waongozaji wawasimamishe wageni hapo, chini ya yale matundu ya mishale, kabla ya kuwapeleka kwenye maua.