Mita 50 za Rubona: namna ya kumfundisha mtu kuripoti gugu

Tangu Julai 2010 kuna agizo la waziri nchini Rwanda linaloufanya ukanda wa mita 50 kutoka ukingo wa ziwa, na mita 10 kutoka ukingo wa mto, kuwa mali ya umma. Rubona, kusini kidogo ya mji wa Gisenyi, ukanda huo unapita mbele ya hoteli, nyuma ya mwalo wa wavuvi wa sambaza, jirani na kiwanda cha bia cha Bralirwa, na hauko mbali na mahali mto Sebeya unapoingia ziwa Kivu. Mmea mgeni ukitaka kuanza maisha mapya wilayani Rubavu, hapo ndipo pa kuanzia. Maji yanaleta vipande, mafuriko yanaacha udongo uliokwanguliwa, bustani za juu zinamwaga takataka zake chini. Mafuriko ya Mei 2023, yaliyoipiga Rubavu vibaya, yaliacha kingo za Sebeya tupu, na udongo mtupu haukai mtupu kwa muda mrefu.

Nani anautazama ukanda huu? Kitaalamu, karibu hakuna mtu, na sababu yake iko katika namna ramani zetu za mimea vamizi zilivyotengenezwa.

Ramani kubwa ya eneo hili ilifanywa kwa gari. Kati ya 2008 na 2016 Arne Witt wa shirika la CABI na wenzake walizunguka barabara za Afrika Mashariki, Rwanda ikiwamo, wakiandika mimea vamizi wanayoiona pembeni. Walichokiona kiliingizwa katika miraba ya nusu digrii. Njia hiyo ina ukoo: Afrika Kusini, atlasi iitwayo SAPIA, iliyoanzishwa 1994 chini ya Lesley Henderson, ilikuwa ikitumia mamia ya watu wa kujitolea waliojaza fomu kwa miraba ya robo digrii. Mwaka 2017 Witt na Quentin Luke wakatoa mwongozo wenye picha wa mimea vamizi ya Afrika Mashariki, na hadi leo sijaona kitabu bora zaidi cha kumpa mtu anayeanza.

Sasa fanya hesabu. Mraba wa nusu digrii una upande wa kilomita kama 55, yaani zaidi ya kilomita za mraba 3,000. Wilaya nzima ya Rubavu ina kilomita za mraba 388. Mraba unaoibeba Rubona unaibeba pia Goma, Sake na maji yote ya Kivu yaliyo katikati. Nukta ikiwekwa humo inasema mmea umefika sehemu hizi, na hilo linamtosha mwandishi wa sera aliyeko Kigali. Kwa mtu mwenye jembe halisemi kitu. Tena gari halioni ukingo wa ziwa: linaona bega la barabara. Kazi ya mtu wa kujitolea inaanzia hapo, na ndiyo maana mafunzo yake hayapaswi kuwa mafunzo ya mtaalamu wa mimea yaliyofupishwa. Anahitajika kwa ajili ya mita 50 ambazo mtaalamu hazifikii.

Je, anaweza kuaminika? Utafiti uliochapishwa 2011 nchini Marekani, katika majimbo ya Colorado na Wisconsin, uliwapima watu wa kujitolea waliopata mafunzo mafupi dhidi ya wataalamu. Wa kujitolea walitambua mimea sawasawa kwa asilimia 72, wataalamu kwa asilimia 88. Wengi husoma namba ya kwanza na kukata tamaa. Mimi naitazama ya pili: hata mtaalamu hukosea mmea mmoja katika minane hivi. Na makosa ya wanaojitolea hayakutawanyika ovyo, yalielemea kwenye mimea migumu. Hivyo uamuzi mkubwa wa mkufunzi hufanyika kabla darasa halijaanza, pale anapochagua mimea gani iingie kwenye orodha.

Orodha iwe fupi, mitano au sita, na kabla yake lazima lisemwe jambo moja waziwazi: mgeni si lazima awe mvamizi. Sambaza wenyewe, wanaoilisha Rubona, waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mahindi, viazi na maharage asili yake ni Amerika. Mikaratusi imefunika vilima. Mwanafunzi asiyeelewa tofauti hii atajaza fomu kwa kila kilima cha wilaya, na ofisa atakayezipokea ataacha kuzisoma kabla ya mwezi kwisha.

Kisha kila mmea ufundishwe pamoja na pacha wake. Hapa ndipo mafunzo mengi huharibika. Chukua gugu maji. Mwanafunzi huambiwa: tafuta bua lililovimba kama puto. Ni kweli, mradi mmea una nafasi ya kuelea peke yake. Ukishajazana, mabua hurefuka, wakati mwingine hata kufikia mita moja, na ule uvimbe hupotea. Aliyefundishwa uvimbe peke yake ataripoti mche mmoja na kulipita zulia zima akisema silo. Afundishwe sura zote mbili, kisha apewe alama zisizobadilika: mizizi myeusi yenye nyuzi nyingi, na ua la zambarau hafifu lenye doa la njano kwenye petali ya juu. Pacha wa kwanza ni Pistia, ambayo imekaa kama kichwa cha saladi, haina bua, majani yake yana mifereji na vinyweleo. Nayo ni tatizo, lakini ni tatizo jingine na huandikwa mstari wake. Pacha wa pili ni yungiyungi, ambalo limejishikiza kwenye tope la chini na jani lake la mviringo lenye mpasuko limelala bapa juu ya maji. Hilo ni la kwetu, liachwe.

Lantana nayo ina ndugu. Lantana camara, ile ya kuogopwa, ina shina la pembe nne lenye miiba midogo, majani mawili mawili yakitazamana, na kichwa cha maua ya rangi zaidi ya moja. Lantana trifolia kwa kawaida ina majani matatu matatu kwenye kila fundo, haina miiba, na matunda yake ya zambarau hupanda juu kwenye kikonyo kirefu. Dakika kumi na matawi mawili mezani zinatosha. Picha ya ukutani haitoshi, maana haina shina la kupapasa.

Alizeti mwitu, Tithonia diversifolia, ni rahisi kuitambua: jani lenye ncha tatu hadi tano, ua kubwa la njano. Ugumu wake ni wa kijirani. Wakulima huipanda kuwa mpaka wa shamba, na majani yake ni mbolea nzuri ya kijani. Mtu akiripoti kichaka kilichoshuka hadi ukanda wa umma, mwenye shamba la juu atajua nani kasema. Ningeondoa kwenye fomu swali lolote linalouliza ni la nani.

Wa mwisho ni mmea wa kungojewa. Gugu karoti, Parthenium hysterophorus, liligunduliwa Arusha 2010. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu, nazo husafiri kwenye matope ya magurudumu na kwenye nafaka. Malori yanayopeleka mizigo Goma hupita Rubavu. Kwa mmea huu anayejitolea hapaswi kuwa kando ya ziwa, awe pale malori yanapoegeshwa, tena avae glavu, kwa sababu linawasha ngozi.

Fomu yenyewe. Rubona iko kwenye latitudo ya takriban -1.73 na longitudo 29.27. Ukisahau alama ya kutoa, gugu linaruka karibu kilomita 385 kwenda kaskazini na kutua katika msitu wa Ituri. Kosa hili hujitokeza kila panapoandikwa namba kwa mkono kusini mwa ikweta, na dawa yake ni kuiacha simu ijaze yenyewe. Suala la pili ni desimali. Mbili hukuweka ndani ya kilomita moja hivi. Nne hukuweka ndani ya mita 11. Kwa ukanda wenye upana wa mita 50, chini ya nne ni kazi bure. Picha ziwe tatu: mmea mzima ukiwa na kitu cha kupimia ukubwa, shina na jani kwa karibu, na ua kama lipo. Mahali panapotia shaka, tawi likaushwe ndani ya gazeti na kupelekwa hebaria ya taifa iliyoko Huye. Gugu maji lisisafirishwe bichi hata kidogo.

Kisanduku kinachosahaulika ni kile cha "sikuona". Ramani za barabarani hazina taarifa hiyo, kwa hiyo mraba mtupu unaweza kumaanisha hakuna mmea, au hakuna aliyepita. Ukanda ukigawanywa vipande, kila kipande kikapata watu wake na siku yake ya mwezi, "sikuona" ya Machi ndiyo itakayoipa uzito "nimeona" ya Aprili. Bila mgawo, taarifa zote zitatoka karibu na hoteli na mwaloni, ambako watu wapo tayari. Miteremko ya mawe isiyofikika kwa miguu wapewe wavuvi: mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti hutoka jioni na kurudi alfajiri, nao huuona ukingo kutoka upande ambao sisi wengine hatuuoni.

Kuna kishawishi kimoja cha Rwanda hasa. Umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, upo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mikono ipo, na mtu aliyeona gugu anataka kuling'oa hapohapo. Kwenye mafunzo, kuripoti na kung'oa viwe vipindi viwili tofauti, na cha pili kije baada ya mtaalamu kuthibitisha. Lantana iliyokatwa huchipua kwenye kisiki. Gugu maji lililorundikwa palipo karibu na maji hurudi majini kwa mvua ya kwanza, na mbegu zake hukaa miaka mingi kwenye tope. Kumbuka pia kwamba Rwanda si mgeni wa hasara hii: magugu ya Mukungwa na Nyabarongo yalishuka kwa Akagera hadi ziwa Viktoria, ambako mwaka 1998 gugu maji lilifunika zaidi ya hekta 17,000. Fukusi wa jenasi ya Neochetina, wanaolila gugu hilo, waliachiliwa upande wa Rwanda mwaka 2000. Mtu akichoma kichaka kimoja kwa bidii kabla hakijaandikwa, ameondoa pia ushahidi wa mahali gugu lilipoingilia.

Kinachoamua kama watu wataendelea ni jibu. Shirika la RWCA la Olivier Nsengimana, linalohifadhi korongo wa taji, limefundisha wanavijiji na kuwahesabu ndege hao kila mwaka tangu 2017, hesabu ya kwanza ikipata 487. Waliokuwa na korongo majumbani walipopiga simu, watu wa shirika walikuja kuwaandikisha ndege hao. Mmea hauna mvuto wa korongo, lakini ujumbe mfupi unaosema "tumethibitisha, ni lantana, timu inakuja" hauna gharama kubwa. Hata ule unaosema "hapana, ni trifolia, iache" ni mafunzo ya bure.

Linabaki suala la mpaka, na kwangu ndilo gumu kuliko yote. Mawimbi ya Kivu hayana pasipoti. Mamlaka ya ziwa Kivu na mto Ruzizi, ABAKIR, iliundwa 2014 na Rwanda, Burundi na Kongo. Fomu ya Rubona ikiwa na jina la kisayansi kama ufunguo, majina ya kienyeji yakikaa kwenye safu yake, na maelekezo yakiwa kwa Kinyarwanda na Kiswahili, mvuvi wa Goma anaweza kuijaza bila kubadilisha chochote. Ikiwa na jina la kienyeji la upande mmoja peke yake, taarifa za kingo mbili za ziwa moja hazitaingia kwenye jedwali moja.