Fundi Asiyekimbilia Pampu

Mavuno ya mpunga yakianza katika bonde la Kilombero, kila injini ya dizeli huitwa kazini. Trekta linavuta tela la magunia kutoka Mngeta, pawatila inarudi Lupiro na tope likiwa bado magurudumuni, na vitongojini ambako umeme haujafika mashine ya kukoboa inanguruma tangu asubuhi. Ikianza kukohoa, foleni nzima inamgeukia fundi. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu, hasa kwa jambo ambalo wanagenzi hulidharau: anajua kitu cha kutogusa.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Rudolf Diesel, aliyefanikisha injini yake huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, alitegemea kanuni moja: hewa ikibanwa sana hupata moto. Pistoni huibana hadi joto lipite nyuzi 500 za Selsiasi, ndipo nozeli inyunyize dizeli laini kama ukungu, nayo huwaka yenyewe. Kuseti injini, basi, ni kupatanisha hewa, dizeli na wakati.

Mwanagenzi akishika spana, macho yake hukimbilia skrubu ya pampu ya dizeli. Akiizungusha kidogo, dizeli inaongezeka, nguvu inapanda, mwenye mashine anatabasamu. Lakini moshi mweusi unaofuata ni dizeli isiyoungua kikamilifu, na mwenye mashine ameinunua kwa lita. Joto nalo linazidi, na pistoni ndiyo italipa.

Fundi mzuri huanza kwa kuusoma moshi. Ukiwa mweusi, huuliza kwanza kama mzigo umezidi, kisha hufungua chujio la hewa, ambalo kando ya kinu hujaa vumbi la pumba upesi. Ukiwa mweupe, huenda dizeli inaingia kwa kuchelewa, au kuna maji. Ukiwa wa bluu, oili inaungua, na hapo hakuna skrubu ya kusaidia. Kisha hubadili filta ya dizeli na kutoa hewa kwenye mabomba. Injini ikipoa, hupima nafasi ya tapeti kwa fila geji. Kwenye injini nyingi ndogo, nafasi yenyewe haifiki hata nusu milimita.

Taimingi, yaani wakati wa dizeli kuingia, huja baadaye. Huzungusha gurudumu zito la injini kwa mkono, polepole, akikazia macho dizeli kwenye tundu la pampu. Inapotikisika tu, husimama na kutazama alama. Injini nyingi za silinda moja zina shimu nyembamba chini ya pampu: ukiipunguza, dizeli inawahi, ukiiongeza, inachelewa. Hubadili kitu kimoja, huwasha, husikiliza. Nozeli huiacha mwisho, na akiijaribu nje haweki kidole mbele yake, kwa maana mnyunyizo ule hutoboa ngozi.

Kabla ya kujengwa Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018, magari ya Mahenge na Malinyi yalivuka Mto Kilombero kwa kivuko. Injini yake ilipozima katikati ya mto, abiria hakuwa na pa kushukia. Kutunza injini ya namna hiyo hakutaki mtu wa kubahatisha.

Tatizo ni ujira. Mteja humwona aliyetawanya vyuma vingi kuwa ndiye aliyefanya kazi, na kudai fedha kwa kusafisha chujio kunahitaji ujasiri. Tumlipe fundi mzuri kwa hilo hilo. Na mwanagenzi akisema amemaliza, mwulizeni ni kitu gani hakukifungua, na kwa nini. Akiweza kueleza, mkabidhini mashine ya kijiji.