Alipe au Amelipa? Kishazi Kimoja cha Kiingereza na Deni la Vibarua

Niliwahi kuwalipa vibarua kwa kalamu. Nilikuwa mgeni kwenye chumba cha habari, nikapewa taarifa ya Kiingereza niigeuze Kiswahili haraka haraka. Ndani yake ilikuwemo sentensi hii: "The committee insisted that the contractor pay the workers." Mimi nikaandika kwamba kamati imesisitiza mkandarasi amewalipa vibarua. Kesho yake mzee mmoja akapiga simu, wala hakufoka. "Mwanangu, hizo hela tumelipwa lini? Maana sisi bado tunazidai."

Kamati ilikuwa imesema alipe. Mimi nikasema amelipa.

Nikajitetea moyoni kwamba Kiingereza nilikisoma mpaka chuo kikuu. Na kweli nilikisoma, tena lawama yangu inaanzia hapo hapo. Vitabu vya sarufi tulivyotumia vilitufundisha kishazi nomino, "noun clause", kwa jaribio moja: ukiweza kukiondoa kishazi kizima ukaweka "something" mahali pake, basi ni kishazi nomino. Tukapiga mstari chini, tukapata vema, tukasonga mbele. "I know that he pays" ikapata vema. "I insist that he pay" nayo ikapata vema. Hakuna aliyetuuliza: mbona ya kwanza ina s na ya pili haina?

Na jaribio lenyewe, ukilitazama vizuri, lina walakini. "I know something" inasimama. "I insist something" haisimami, nomino inadai "on" mbele yake. Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika The Cambridge Grammar of the English Language ya mwaka 2002, waliliacha jina hilo wakaviita vishazi hivi "content clauses", yaani vishazi vya maudhui. Wala hawaioni "pay" ile kama umbo maalumu la kitenzi. Ni umbo tupu lilelile la kuamrisha: "Pay!" Kwangu mimi, hapo walinisaidia kuliko vitabu vyote vya darasani. Ukishajua kwamba ndani ya kishazi kuna agizo, huwezi kukitafsiri kama habari.

H. W. Fowler, mwaka 1926, aliiona hali tegemezi ya Kiingereza kama kitu kinachokaribia kufa. Haijafa. Wamarekani hasa wameishikilia, huku Waingereza wengi wakipenda kusema "should pay".

Kinachoniuma ni kwamba somo hili sisi tulilinyonya na maziwa. Mtoto ambaye hajaanza shule anajua kuwa "mama kasema ule" si sawa na "mama kasema umekula". Hata ukikanusha, "alipe" inakuwa "asilipe", haiwi "halipi". Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo: "that he not pay", bila ile "does". Na pale ambapo -e yetu haionekani, kwenye vitenzi tulivyopokea kutoka Kiarabu, bado tunasikia tofauti. "Nasisitiza arudi" na "nasisitiza anarudi" zimetenganishwa na -na- isiyokuwepo tu. Ni kama ile s. Yaani jibu nilikuwa nalo mdomoni, ila darasani hakuna aliyeniambia nilitumie.

Lakini ukweli usemwe, Kiingereza chenyewe wakati mwingine hakisaidii. "I insist that they pay" inaweza kuwa habari, inaweza kuwa agizo, maana wingi umeifuta alama yote. Anayeandika Kiingereza anaweza kupita hapo bila kuchagua. Kiswahili hakikupi nafasi hiyo: ama walipe, ama wanalipa. Mfasiri ndiye anayebanwa, na akikisia vibaya kuna mtu anakosa haki yake gazetini kabla hajaikosa mfukoni.

Tulichapisha masahihisho, mistari mitatu, ukurasa wa ndani. Yule mzee sijui kama aliyaona. Ila tangu siku ile nikikutana na "insist" au "suggest", maneno yenye nyuso mbili, naacha kuandika kidogo. Najiuliza swali ambalo mtihani haukuwahi kuniuliza: hapa wanasema alipe, au amelipa?