Kundi Lijijaze au Lijazwe? Kuwapanga Wajumbe 156 kwa CiviCRM

Kamati nyingi za maandalizi huhangaika na ukumbi, chakula na mabango, halafu suala la makundi huachwa mpaka asubuhi ya siku ya kwanza, mwezeshaji anaposimama na kuwaambia watu wahesabu moja hadi sita. Wanahesabu kweli. Kisha waliokuja kwa gari moja wanabadilishana namba kimyakimya, na ifikapo chai ya saa nne kuna kundi lenye watu arobaini na jingine lenye kumi na wawili.

Tuchukue mfano wa kongamano la elimu la siku tatu. Mikoa yote 26 ya Tanzania Bara inaleta wajumbe sita kila mmoja: mwalimu mkuu, ofisa elimu, mthibiti ubora wa shule, mwalimu wa taaluma, mjumbe wa kamati ya shule na mwakilishi wa wazazi. Jumla ni 156. Mfumo wa kuwaandikisha ni CiviCRM, programu huria iliyoanza mwaka 2005, ambayo asasi nyingi za kiraia huitumia kwa kuwa haina ada ya leseni.

Ndani ya CiviCRM kuna makundi ya aina mbili. La kwanza ni la kawaida: unamwingiza mtu kwa mkono na anabaki humo mpaka umtoe. La pili hujijaza lenyewe. Huliwekei majina, unaliwekea masharti, kwa mfano “wote walioandikishwa kwenye kongamano hili na waliochagua chakula kisicho na nyama”, na kila anayetimiza masharti huingia bila kuguswa. Ukisahau kutaja kongamano ni lipi, wa mwaka jana nao wataingia.

Hili la pili lina tabia mbili za kuzijua mapema. Kwanza, mfumo hutunza matokeo yake kwa muda, dakika tano usipobadilisha mpangilio. Mjumbe anaandikishwa mezani, karani wa pili anafungua orodha, haoni jina, anaandikisha tena. Pili, ukimtoa mtu kwa mkono, atabaki nje hata akitimiza masharti yote. Kwa hiyo mtu akionekana mahali asipostahili, rekebisha taarifa zake, usiliguse kundi.

Na taarifa huharibika kwenye fomu. Kisanduku cha “Mkoa” kikiachwa wazi, utapata Dar, DSM, Dar es Salaam na D'Salaam, na kwa mfumo hiyo ni mikoa minne. Kwenye “Chakula” watu wataandika “chochote”, “sili samaki”, na yupo atakayeandika “asante”. Kila kitu kitakachotumika kuunda kundi kiwe cha kuchagua kwenye orodha. Maoni ndiyo yaachiwe nafasi ya kuandika.

Tatizo jingine linatokana na jinsi ofisi zetu zinavyofanya kazi. Katibu muhtasi wa mkoa huwaandikisha wajumbe wote sita kwa barua pepe moja, yake. Kanuni ya CiviCRM ya kutambua majina yaliyojirudia kwenye fomu za mtandaoni, usipoibadilisha, huangalia barua pepe tu. Mjumbe wa pili huambiwa ameshajiandikisha. Dawa ni kuruhusu, kwenye mpangilio wa tukio, watu kadhaa watumie anwani moja, na kumpa kila mjumbe namba yake ya utambulisho tangu barua ya mwaliko.

Sasa makundi ya majadiliano. Haya mfumo hauyagawi. Unatoa orodha, unaifanyia hesabu kwenye jedwali la Excel, unairudisha. Njia inayojileta haraka ni kupanga orodha kwa mkoa, kisha kada, na kugawa kama karata: wa kwanza kundi la 1, wa pili la 2, mpaka la 6, halafu unaanza upya. Kila kundi linapata watu 26, mmoja kutoka kila mkoa. Inapendeza, mpaka uangalie kada. Kwa kuwa kila mkoa una watu sita waliopangwa kwa mfuatano uleule, walimu wakuu wote 26 wameangukia kundi la 1 na wazazi wote la 6. Ukigeuza, ukapanga kwa kada kisha mkoa, watu sita wa Arusha wanaangukia makundi matatu tu, la 1, la 3 na la 5, wawili kila moja, kwa sababu kada mpya huanza baada ya kila wajumbe 26, na 26 ukigawanya kwa sita inabaki mbili.

Kinachofaa ni kusogeza mwanzo. Mkoa wa kwanza uanze kundi la 1, wa pili kundi la 2, na kuendelea. Ipe mikoa namba 1 hadi 26 na kada namba 0 hadi 5. Jumlisha namba ya mkoa na ya kada, gawanya kwa sita, chukua baki. Baki ndiyo kundi, na sifuri ni la sita. Kila kundi bado lina mtu mmoja wa kila mkoa, na kila kada inaingiza watu wanne au watano kila mahali. Matokeo yarudishwe kama makundi ya kawaida, yasiyojijaza, maana huu ni uamuzi wa kamati na haupaswi kubadilika mtu akisahihisha namba yake ya simu.

Posho ndiyo inayotibua zaidi. Kwenye CiviCRM mshiriki ana hali moja tu kwa tukio zima: amejiandikisha, amehudhuria, hakufika. “Amehudhuria” haisemi siku gani. Kwa kongamano la siku tatu weka visanduku vitatu, kimoja kwa kila siku, na kundi la kila siku lijijaze kutokana na kisanduku chake. Jioni, kabla mhasibu hajachapa karatasi ya saini, wachague wote waliomo na uwaingize kwenye kundi la kawaida, “Posho siku ya 1”. Usipofanya hivyo, karani akisahihisha mahudhurio usiku, orodha ya mkaguzi itatofautiana na saini zilizokwisha kuwekwa, na hakuna atakayeweza kueleza tofauti hiyo.

Liko pia kundi ambalo kamati hulianzisha kwa nia njema: wenye kisukari, ili mpishi ajiandae. Hizo ni taarifa za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka kati ya taarifa nyeti. Mpishi anahitaji idadi ya sahani, hahitaji majina. Aonwe na mtu mmoja wa kamati, apewe idadi, na kundi lifutwe kongamano likiisha, pamoja na nakala ya Excel iliyobaki kwenye kompyuta ya mezani pa mapokezi.